Mnatazama Mkono, Kazi Iko Sikioni

Kiswahili kilimwonea mwongoza okestra kabla hajafika kwetu. Neno kondakta, ambalo kwa Waingereza ni cheo chake, sisi tulikwisha kumpa mtu wa daladala, tukalifupisha likawa konda, na sasa halirudi tena. Mwambie mtu wa Mbagala kwamba fulani ni kondakta wa okestra, atakuuliza anadai nauli kwa nani. Kicheko kikiisha huja swali, na swali hilo nimelisikia barazani, nimelisikia nje ya kanisa baada ya ibada, nimelisikia kwa waliosoma na kwa wasiosoma: hivi yule mtu anafanya kazi gani hasa? Wenzake wanapuliza, wanakwangua nyuzi, wanapiga ngoma. Yeye peke yake jukwaani hatoi sauti yoyote, na ndiye anayegeuka kupokea makofi.

Swali ni halali. Majibu yanayotolewa ndiyo yanayonikera. La kwanza, lenye wafuasi wengi kuliko yote, linasema hafanyi kitu: anapunga fimbo, muziki ungeendelea bila yeye, na mshahara wake ni ujanja wa mjini. La pili hutolewa na wachache waliobahatika kuona tamasha ukumbini au kwenye simu, nao husema kinyume: yule amezaliwa na kipaji, akinyanyua mkono watu mia wanatii, sauti yote inatoka kwake. Kambi hizi mbili hubishana kana kwamba ni mahasimu. Mimi nasema ni kambi moja iliyokalia mikeka miwili, kwa maana zote zinatazama mkono. Moja inauona mtupu, nyingine inauona umejaa miujiza. Kazi ya mwongoza okestra haiko mkononi. Iko sikioni, na iko kwenye kalenda.

Nianze na wenye dharau.

Tarehe 7 Mei 1824, mjini Vienna, Simfonia ya Tisa ya Ludwig van Beethoven ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza. Mbele ya wanamuziki walisimama wanaume wawili. Mmoja alikuwa Beethoven mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa kiziwi. Alipunga mikono, akainuka, akainama, akaonyesha kila alichotaka kisikike. Wa pili alikuwa Michael Umlauf, ambaye alikwisha waambia waimbaji na wapigaji kwamba wasimfuate mtunzi, wamfuate yeye. Makofi yalipolipuka Beethoven hakuyasikia. Mwimbaji Caroline Unger ndiye aliyemgeuza ili awaone watu wakishangilia.

Sasa niambieni, enyi mnaosema kazi ni kupunga fimbo: nani duniani alistahili kuipungia simfonia ile kuliko aliyeitunga? Kila nota aliijua kwa sababu ilitoka kichwani mwake. Mikono alikuwa nayo, hamasa alikuwa nayo, heshima ya wanamuziki alikuwa nayo. Alikosa jambo moja tu, yaani kusikia kinachopigwa wakati huohuo. Kwa kukosa hilo moja, ikabidi awekwe mtu mwingine. Usiku ule mkono uliotazamwa na ukumbi mzima haukuongoza chochote, na aliyeongoza hakutazamwa.

Mnaotaka kujua muziki unakuwaje pakikosekana mtu wa kuuandaa na kuushika, rudini nyuma miaka kumi na sita, mji uleule, mtunzi yuleyule. Tarehe 22 Desemba 1808, kwenye ukumbi wa Theater an der Wien, Beethoven alifanya tamasha la saa nne hivi katika baridi kali. Siku hiyo ndipo Simfonia ya Tano na ya Sita ziliposikika kwa mara ya kwanza. Mazoezi hayakutosha. Walipofika kwenye kipande cha mwisho, kile chenye piano, okestra na kwaya, wapigaji walipoteana, muziki ukasimama mbele ya watu, ikabidi waanze upya. Nota zilikuwapo mbele yao, na vyombo walikuwa navyo mikononi. Kilichokosekana ni kazi ambayo mtazamaji haioni.

Mpinzani wangu atasema: hao ni watu wa zamani, wa leo wamesomea vyuoni, wana masikio yao na karatasi zao, watashikana wenyewe. Basi tuhesabu. Okestra kamili ya simfonia ina watu 80 hadi 100. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Mpiga tromboni aliyekaa nyuma, mita 17 kutoka kwenye fidla za mbele, anazisikia zikiwa zimechelewa kwa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Akipuliza kwa kufuata sikio lake, sauti yake nayo itatumia muda uleule kurudi mbele. Jumla ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika muziki wa mapigo 120 kwa dakika, nota fupi zile zinazokaa nne katika pigo moja huchukua sehemu moja ya nane ya sekunde kila moja. Kwa hiyo mtu wa tromboni, bila kosa lolote la kipaji wala la kusoma, atafika mbele akiwa amechelewa karibu nota nzima. Ndiyo maana wa nyuma hufundishwa kuamini macho kuliko masikio, na ndiyo maana lazima pawe na mtu mmoja aliyesimama pale sauti zote zinapokutana, akazisikiliza kwa niaba ya wenzake.

Hapa nirudi kwa konda wetu, maana tulidhani tunamtania mwongoza okestra kumbe tulimtafsiri sawasawa. Dereva wa daladala anaijua barabara, lakini kelele za injini na muziki zimemziba. Abiria wa siti ya nyuma akisema "shusha", dereva hasikii. Konda anasikia, anagonga bati, gari linasimama. Hakuna abiria hata mmoja wa Dar es Salaam anayedhani kazi ya konda ni kugonga bati. Kugonga ni taarifa tu. Kazi ni kujua nani anashuka wapi, nani hajalipa, nani amepitiliza. Fimbo ya mwongozaji ndiyo bati lile.

Tena kuna mahali ambapo taarifa yenyewe lazima itangulie sauti. Simfonia ya Tano ya Beethoven, ile inayojulikana hata na wasiojua jina lake, haianzi kwa sauti. Kitu cha kwanza kilichoandikwa ni kimya kifupi, kisha nota tatu fupi na moja ndefu. Fidla zote, viola, selo, besi na klarineti zinatakiwa kuingia pamoja baada ya kimya kile, kwa mwendo ambao bado haujasikika popote. Hakuna ngoma ya kufuata, na hakuna mwenzako wa kumsikiliza. Mwendo huo uko kichwani mwa mtu mmoja, na amefika nao pale baada ya siku nyingi za kukaa na karatasi.

Karatasi hiyo nayo ni somo. Mpiga fidla anasoma mstari wake mmoja. Nakala ya mwongozaji ina mistari ishirini na zaidi kwa ukurasa, na baadhi ya mistari hiyo inadanganya jicho: klarineti ya kawaida ikiandikiwa do, sauti inayotoka iko hatua nzima chini yake. Mwongozaji lazima aigeuze kichwani kila anaposoma. Wanakwaya wenzangu mliolelewa kwa solfa, fikirini mwalimu wenu angesoma sauti ishirini badala ya nne, na kila sauti imeandikwa katika ufunguo wake. Kisha katikati ya kelele zote hizo sauti moja inachacha. Ana sekunde chache kusema, "Klarineti ya pili, shusha kidogo." Akimlaumu mtu wa obo asiye na kosa, wanamuziki mia wanatazamana, na siku hiyohiyo amekwisha. Mtihani wa mwongozaji mpya hufanyika hapo, mazoezini, saa nne asubuhi, wakati nyote mnaompigia au kumnyima makofi mko makazini kwenu.

Niwape wapinzani haki yao sasa, maana wana hoja moja yenye nguvu na sitaikimbia. Wanasema: mbona ziko okestra zisizo na mwongozaji, na zinapiga vizuri?

Ziko. Hapa kwetu tunazo. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, ina fidla, udi, kanuni na ngoma, wala hakuna mtu anayesimama mbele na fimbo. Taarabu ya namna ile hujengwa juu ya wimbo mmoja ambao vyombo vyote vinaufuata, kila kimoja na mapambo yake, huku ngoma ikishika mwendo. Kikundi kinatosha jukwaa dogo na kila mtu anamsikia jirani yake. Uongozi unatoka ndani, kwa mpigaji anayeheshimiwa. Mlimani Park Orchestra, Sikinde wenyewe, iliyozaliwa Dar es Salaam mwaka 1978, nayo haikuwa na mtu wa fimbo. Lakini ilikuwa na Michael Enoch, yule tuliyemwita King Enoch. Nani aingie lini, magitaa yakae wapi, saksafoni zijibu nini: hayo hayakuokotwa jukwaani. Yalipangwa mchana, mazoezini, na watazamaji walipofika usiku na soda zao walikuta kazi imekwisha.

Ng'ambo nako iko mifano. Moscow, kuanzia 1922 hadi 1932, ilikuwako okestra iliyoitwa Persimfans, iliyokataa mwongozaji kwa itikadi ya usawa. Wanamuziki walikaa kwa duara ili waonane, wengine wakiwapa watazamaji mgongo. Walifanikiwa, lakini kwa gharama ya mazoezi mengi mno, kwa sababu kila swali ambalo mtu mmoja angelijibu kwa neno moja, lilijadiliwa na kikao. New York wako Orpheus, tangu 1972, okestra ndogo isiyo na mwongozaji. Kwa kila kipande huteuliwa kikundi kidogo kinachokutana kwanza, kuamua kipande kitakwendaje, kisha wengine huitwa. Na wale Vienna Philharmonic wanaopenda kutajwa katika ubishi huu hawana mwongozaji wa kudumu tangu 1933, ila hawapandi jukwaani na simfonia kubwa peke yao. Humwalika mtu.

Mifano yote hiyo inathibitisha jambo moja, nalo silo wanalolitaka wapinzani. Inathibitisha kwamba mtu anaweza kuondolewa, kazi haiwezi. Ukimwondoa mwongozaji, kazi yake inagawanywa kwa mpiga kanuni, kwa kiongozi wa bendi, kwa kamati ya watu kumi, na inachukua muda mrefu zaidi kadiri muziki unavyokuwa na sauti nyingi zaidi. Kazi isiyokuwapo haigawanyiki.

Nimemalizana na wenye dharau. Wanaoabudu wasishangilie, zamu yao imefika, na madhara yao ni makubwa kuliko ya wale wa kwanza.

Wanaoabudu wana hadithi mbili wanazozipenda. Ya kwanza ni ya Arturo Toscanini, kijana wa miaka 19 mpiga selo, ambaye tarehe 30 Juni 1886 mjini Rio de Janeiro alisukumwa mbele ya okestra baada ya watazamaji kuwafukuza waongozaji kwa mizomeo, akaiongoza opera ya Aida bila kutazama karatasi. Ya pili ni ya Leonard Bernstein. Tarehe 14 Novemba 1943 Bruno Walter aliugua, na kijana wa miaka 25 akaiongoza New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie Hall bila zoezi hata moja, redio ikirusha nchi nzima. Kesho yake habari ilikuwa ukurasa wa mbele wa gazeti la New York Times. Mnaona? wanasema. Kipaji hakifundishwi.

Hadithi ni za kweli, ila zimekatwa mkia. Toscanini alikuwa ametoka chuo cha muziki cha Parma mwaka mmoja tu kabla, na katika safari ile ya kundi la opera alikuwa pia akiwafanyisha waimbaji mazoezi. Opera ile hakuikuta usiku ule. Aliishi nayo. Bernstein alikuwa mwongozaji msaidizi, na kazi ya msaidizi ni kuzijua nakala zote za wiki hiyo kwa ajili ya siku ambayo mkubwa ataugua. Alikwisha kusoma chini ya Fritz Reiner katika chuo cha muziki cha Curtis, na chini ya Serge Koussevitzky katika mafunzo ya Tanglewood. Na okestra aliyoiongoza bila zoezi ilikuwa imefanya mazoezi, pamoja na Walter, muziki uleule. Kilichosikika redioni kilikuwa masikio ya Walter ya wiki nzima na usomaji wa Bernstein wa miaka. Mkono ndio uliokuwa mgeni.

Hata Herbert von Karajan, aliyeitawala Berlin Philharmonic kuanzia 1955 hadi 1989 na ambaye picha yake ya macho yaliyofumbwa ndiyo iliyowafundisha walimwengu kuabudu mkono, alianzia Ulm, mji mdogo wenye jumba dogo la opera, na akakaa huko miaka mitano kuanzia 1929. Katika majumba ya opera ya Ujerumani njia ya zamani ni hiyo: kwanza unaketi kwenye piano ukiwakaririsha waimbaji, mwaka baada ya mwaka, kabla hujakabidhiwa fimbo. Huko ndiko sikio linakofuliwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Karajan alisifiwa mpaka akaamini sauti ni yake. Mwaka 1982 alitaka mpiga klarineti Sabine Meyer aingizwe Berlin. Wanamuziki, ambao okestra yao tangu ilipoundwa mwaka 1882 imejiendesha kwa kura zao, wakamkataa kwa kura 73 dhidi ya 4. Karajan alikasirika, akajaribu kuwabana, na baada ya mvutano mrefu Meyer mwenyewe akajiondoa mwaka 1984. Simsemi Meyer kwa kipaji, maana dunia imemsikia tangu hapo. Nasema kwamba mtu mwenye mkono maarufu kuliko wote duniani aliunyanyua, na watu 73 hawakutii. Utiifu ule wa jukwaani mnaoushangaa ni mkopo, na wanaoukopesha wanaweza kuudai.

Wanamuziki haohao wa Berlin, walipotafuta kiongozi mwaka 2015, walijifungia mwezi Mei kwa saa 11 wakashindwa kuafikiana. Juni wakarudi, wakamchagua Kirill Petrenko. Magazeti mengi yalishangaa, kwa sababu Petrenko ni mtu anayekwepa mahojiano na hajui kujiuza. Wapigaji hawakushangaa. Wao walikuwa wamekaa naye mazoezini.

Na Petrenko alipitia wapi? Kati ya 1999 na 2002 alikuwa mkurugenzi wa muziki huko Meiningen, mji mdogo katikati ya Ujerumani. Meiningen ndiko Hans von Bülow alikokwenda mwaka 1880, akakuta okestra ya wapigaji wasiofika 50. Hakuwaletea mkono mpya. Aliwaletea ratiba mpya: fidla peke yao, vyombo vya kupuliza peke yao, kisha wote pamoja, siku baada ya siku, hadi wakaweza kupiga Beethoven wakiwa wamesimama, bila karatasi. Miaka mitano baadaye, 1885, Johannes Brahms, ambaye angeweza kwenda Vienna au Berlin, aliichagua Meiningen ili Simfonia yake ya Nne isikike huko kwanza. Wapigaji wasiofika 50, katika mji ambao wengi wenu mnausikia leo kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya mwongozaji na mkurugenzi wa muziki, tofauti ambayo wanaotazama mkono hawawezi kuiona. Mwongozaji mgeni hufika Jumatatu, hufanya mazoezi siku chache, hupiga tamasha, hupanda ndege. Mkurugenzi wa muziki ndiye anayeamua msimu mzima utapigwa nini, ndiye anayeketi kuwasikiliza wanaoomba nafasi iliyoachwa na mpiga obo aliyestaafu, ndiye anayejua kwamba selo zimedhoofika na zinahitaji muziki wa kuziamsha, ndiye anayekwenda kwa mameya na matajiri kuomba fedha. Simon Rattle alipokabidhiwa okestra ya Birmingham mwaka 1980 alikuwa na miaka 25. Miji mikubwa ilimwita, naye alibaki hadi 1998. Katika miaka hiyo 18 okestra ya mji wa viwanda ikawa ya kusafiri duniani, na mwaka 1991 mji ukaijengea ukumbi mpya, Symphony Hall. Ukumbi haujengwi kwa kupunga.

Baltimore, Marekani, inatoa somo kali zaidi. Mwaka 2005 ilipotangazwa kwamba Marin Alsop atakuwa mkurugenzi wa muziki, wanamuziki wenyewe walilalamika hadharani kwamba usakaji umekatishwa mapema. Alianza 2007, mwanamke wa kwanza kushika okestra kubwa ya nchi ile, na mwaka uliofuata akaanzisha OrchKids, mpango wa kuwafundisha muziki watoto wa mitaa maskini ya mji huo. Alikaa hadi 2021. Wanaoabudu mkono wa kiume wenye mishipa wajiulize: katika miaka ile 14, mkono ulikuwa na uzito gani mbele ya watoto waliojifunza fidla?

Lakini shahidi wangu mkubwa yuko karibu zaidi nasi. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, rubani aliyekuwa amepoteza kazi, aliunda okestra ya simfonia ndani ya kanisa la babu yake. Hakuwa na chuo alichotoka. Hakuwa na vyombo vya kutosha, na wapigaji walipokezana fidla chache. Nyuzi zilipokatika, walitumia waya za breki za baiskeli. Besi zilichongwa mumo humo mjini. Alijifunza kusoma nakala huku akiwafundisha wengine. Filamu ya Kinshasa Symphony ya mwaka 2010 iliwaonyesha walimwengu watu wale wakijiandaa kwa Simfonia ya Tisa, ileile ya Umlauf na Beethoven, na mwaka 2013 Royal Philharmonic Society ya London ikampa Diangienda uanachama wa heshima. Kwa mafundisho ya wanaoabudu, mtu yule hakustahili hata kujaribu. Kwa mafundisho ya wenye dharau, hakufanya kitu. Ondoa ratiba ya mazoezi ya jioni baada ya watu kutoka sokoni na maofisini, uone kama ile okestra inabaki hata mwezi mmoja.

Kwa nini niupigie kelele ubishi huu katika nchi ambazo okestra za simfonia zinahesabika kwa vidole? Kwa sababu kosa lilelile tunalifanya kila mwaka, kwa watu wetu. Tuna kwaya katika kila mtaa. Kenya Music Festival imeshindanisha waimbaji tangu 1927. Huko Korogocho, Nairobi, Ghetto Classics iliyoanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 inaweka vyombo vya okestra mikononi mwa watoto wa jirani na jalala. Kazi ya kusikiliza na kupanga kalenda iko hapa, inafanywa, na hatujui kuitazama.

Niliimba besi katika kwaya moja kwa miaka kadhaa. Mwalimu wetu alikuwa mtu mkimya. Alisimama karibu bila kutikisika, akionyesha kwa vidole viwili, na macho yake yalikuwa kwa alto, ambao siku zote walishuka. Jumanne na Alhamisi alikuwapo, mvua isipokuwapo na ikiwapo. Ukakaribia mwaka wa mashindano, kamati ikaona hatupendezi. Akaletwa mtu mwingine wiki tatu kabla, mwenye joho na mbwembwe, aliyejua kurukaruka na kuwachekesha waamuzi. Ukumbi ulimpenda. Alto walishuka, hakuwasikia, maana alikuwa anawatazama watu. Tulirudi bila kitu, na mtu yule alilipwa kwa siku moja zaidi ya alicholipwa mwalimu wetu kwa mwaka. Mwalimu hakurudi. Hakuna aliyemfukuza, hakuna pia aliyemfuata.

Wenye dharau walihusika pale, maana waliona kazi yake ni ndogo, yeyote aweza. Wanaoabudu walihusika, maana waliona kinachohitajika ni mkono wenye nguvu. Waliketi katika kamati moja na wakakubaliana haraka.

Basi ombi langu kwa wenye kwaya, bendi za shule na okestra chache tulizonazo ni hili. Mkimtafuta kiongozi, msimwombe awaonyeshe anavyoongoza wimbo anaoujua. Mpeni wimbo asioujua, ketini nyuma yake, mwekeni mwimbaji mmoja akosee kwa makusudi, na mhesabu sekunde kabla hajamtambua. Mwulizeni mwaka ujao mtaimba nini na kwa nini. Waulizeni wale wa kwaya aliyotoka kama bado wanaimba. Na mkishampata, mwalimu huyo alipwe kwa Jumanne na Alhamisi za mwaka mzima, siyo kwa siku ya tamasha.